Kutengeneza kiuatilifu kipya cha kuvuruga ukuaji wa wadudu: nianze na molekyuli au nianze na mdudu?

Mkemia_Changanyikeni:

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo hasa kwa wenye uzoefu wa wadudu na dawa za mashambani. Mi nasoma masta ya kemia hapa Dar, upande wa kusanisi (kuunda molekyuli maabara), na msimamizi wangu ameshakubali tisisi yangu iwe kuhusu viuatilifu vinavyovuruga ukuaji wa mdudu. Kwa ambao hawajakutana navyo, hivi havipigi mishipa ya fahamu kama pairethroidi au oganofosfati, vinaingilia lile zoezi la mdudu kujivua ngozi ya zamani na kuvaa mpya, kwa hiyo kiwavi anashindwa kukua na anafia njiani. Sisi binadamu hatujivui ngozi namna ile na mifupa yetu haina kaitini (kitu kigumu kinachojenga gamba la mdudu), ndo maana vingi vya kundi hili sumu yake kwetu ni ndogo ukilinganisha na zile za zamani.

Kilichonisukuma ni nyanya. Mama yangu mdogo analima Mkuranga, na tangu kantangaze, wale nondo ambao viwavi wao wanashambulia nyanya, waripotiwe nchini 2014 kilimo cha nyanya kimekuwa vita, watu wanachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja la mgongoni, hakuna glavu hakuna barakoa, wanapuliza leo na keshokutwa nyanya ziko kwenye tenga zinakuja Ilala sokoni. Tunakula sote hizo. Sitaki kuandika tisisi ya kukaa kabatini, nataka hata kama nisifike dukani basi niache molekyuli ambayo mtu mwingine anaweza akaiendeleza.

Sasa nimesoma nikaona kuna familia tatu kubwa. Benzoyilurea (diflubenzuroni, lufenuroni, novaluroni) zinazuia kaitini isitengenezwe. Halafu zinazoiga homoni ya kujivua ngozi, ekdaisoni, ndo tebufenozaidi na methoksifenozaidi. Halafu zinazoiga homoni ya utoto kama methopreni na pairiproksifeni. Nimeanza kuchora molekyuli kwenye kompyuta nabadilisha vikundi huku na huku lakini naona kama napiga gizani. Nichague familia ipi? Kuna nafasi ya kitu kipya kweli au walishamaliza kila kitu? Na nikipata unga wangu kwenye kichupa naupimaje bila maabara kubwa?

Mdudu_Doc:

Mkuu nitakujibu kwa urefu maana wakemia huwa wanatuletea unga wakiwa wameshamaliza bajeti, wanasema tupimie, na hapo ndo tunagundua kemikali ni nzuri ila imetengenezwa kwa ajili ya mdudu asiyekuwepo. Anza na mdudu. Jiulize ni hatua ipi ya maisha yake inayokula mazao, anaikula akiwa wapi, na dawa itamfikiaje. Ukishajibu hayo nusu ya uchaguzi wako wa kemia umekwisha.

Chukua homoni ya utoto. Kazi yake ni kuuambia mwili wa mdudu "bado wewe ni mtoto", ikiwa nyingi basi kila akijivua ngozi anatoka kiwavi mkubwa zaidi badala ya kuwa buu (pupa). Sasa ukipuliza kitu kinachoiga homoni hiyo kwenye nyanya una hatari ya kumrefushia kiwavi utoto wake, na kiwavi ndiye anayekula! Ndo maana hizi zimeng'aa zaidi kwa wadudu ambao shida yao ni wakishakuwa wakubwa, mbu, viroboto, na kwa mashambani inzi weupe. Inzi mweupe ndiye anayebeba virusi vya batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo yetu ya Pwani, ukikata kizazi chake kabla hakijaota mabawa umefanya kazi kubwa. Na pairiproksifeni ina tabia nyingine, inaharibu uzazi wa jike, ndo wakaiweka hata kwenye vyandarua. Majaribio ya Misungwi kule Mwanza yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili vyandarua hivyo havikuwa na faida ya wazi kuliko vya kawaida, vilivyofanya vizuri ni vya dawa nyingine, klofenapiri. Kwa hiyo kitu kikifanya kazi maabara bado una safari.

Hapo nikupe kisa kimoja ambacho kila anayeingia fani hii anatakiwa akijue. Miaka ya sitini Karel Sláma alitoka Prague akaenda Harvard kwa Carroll Williams na wadudu wake wekundu wa jamii ya Pyrrhocoris. Kule Prague walikuwa wanakua vizuri tu. Harvard wakagoma kuwa wakubwa, wanajivua ngozi tena na tena wanabaki watoto mpaka wanakufa. Wakatafuta sababu kila mahali, mwisho wakaipata kwenye karatasi zilizotandikwa kwenye vyombo vya kufugia, maana karatasi za Marekani zilikuwa na kitu kutoka kwenye mti wa huko wa jamii ya misonobari kinachoiga homoni ya utoto. Wakachapisha 1965, na 1966 Bowers na wenzake wakaitoa kemikali yenyewe, juvabioni. Sasa la muhimu kwako ni kwamba karatasi hiyo iliwasumbua wadudu wa familia hiyo tu, wadudu wengine ilikuwa haiwagusi. Yaani ulengaji wa namna hiyo unawezekana, mti ulishaupata bila maabara.

Kwa kantangaze mi ningeenda upande wa ekdaisoni. Kantangaze ni nondo, viwavijeshi vamizi waliogundulika nchini 2017 nao ni nondo, na familia ya tebufenozaidi inawapenda viwavi wa nondo kuliko wadudu wengine kwa sababu kipokezi chao cha homoni, ile protini inayoipokea homoni mwilini, kinaishika vizuri zaidi. Kinachotokea ni hivi: homoni ya asili inapanda halafu inashuka, na ile kushuka ndo ruhusa ya kiwavi kumalizia kutoka kwenye ngozi ya zamani. Dawa yenyewe haishuki. Kiwavi anaanza kujivua kabla ya wakati wake, anaacha kula ndani ya saa chache, halafu anakwama katikati. Ukimweka chini ya lenzi unaona kofia ya kichwa ya zamani imeteleza imeziba mdomo, na nyuma yake kuna kichwa kipya cheupe, laini kama karatasi iliyolowa, meno hayajakomaa. Yupo hai lakini hawezi kung'ata jani. Atakufa kwa njaa na kukauka.

Ila kumbuka kantangaze anakaa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anachimba. Kemikali yako isipopenya jani utapata matokeo mazuri ukimpaka kiwavi mgongoni na sifuri ukipuliza mmea. Hilo uliweke kwenye mchoro wako wa molekyuli toka siku ya kwanza.

Mama_Pembejeo_Mbagala:

Mwanangu hongera kwa wazo, mi sina masta ila nauza pembejeo huku Mbagala na wateja wangu ni hao hao wa Mkuranga na Vikindu kwa hiyo nikueleze upande wa kaunta.

Mkulima anapuliza asubuhi, jioni anakwenda kuangalia, akikuta kiwavi bado anatikisika anarudi kwangu kesho yake amekasirika anasema nimemuuzia maji. Dawa za aina unayosema zinachukua siku tatu, nne, hata wiki. Mimi nimejifunza kumweleza mtu kabla hajatoa hela, namwambia usiangalie kama amekufa, angalia kama jani jipya limeliwa, ukiona majani ya juu hayana michoro mipya ujue dawa imeshika. Anayenielewa anarudi kununua tena. Asiyenielewa kesho yake anaongeza sumu kali juu yake na hapo hela imepotea na hao wadudu rafiki wanaokula mayai ya nondo wamekufa wote.

Ndo maana unaona sokoni wanachanganya, lufenuroni inawekwa pamoja na emamektini kwenye chupa moja, emamektini inaangusha haraka na lufenuroni inabaki kumalizia wadogo. Inapendwa kweli. Kwa hiyo ukitengeneza yako fikiria sana hilo la kiwavi kuacha kula mapema, hicho ndicho mkulima anaweza kukiona kwa macho.

Na kingine, wateja wangu wengi hawanunui lita, wananunua kichupa kidogo na wanapima kwa kizibo. Kizibo kimoja kwa bomba la lita ishirini, au viwili kama ana hasira. Dawa yako ikiwa inahitaji mizani ya kupima gramu haitafanya kazi huku hata iwe nzuri vipi. Naomba usilichukulie hili dogo.

Mzee_wa_Kolamu:

Mama Pembejeo amesema la maana sana hapo kwenye kupima. Nimefundisha kemia ya oganiki miaka mingi na sasa nimestaafu, niongezee upande wangu.

Umeuliza kama nafasi ipo. Kijana, benzoyilurea zenyewe zilipatikana wakitafuta kitu kingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini watu wa Philips-Duphar kule Uholanzi waliunganisha vipande vya dawa mbili za magugu wakitarajia kupata dawa nzuri zaidi ya magugu. Magugu hayakufa. Waliokufa ni viwavi, tena wakiwa wanajivua ngozi, ngozi mpya inapasuka. Hapo ndipo ikazaliwa diflubenzuroni. Kilichowaokoa ni kwamba kuna mtu aliyeweka kiwavi kwenye kipimo hata kama haikuwa kazi yake, na akasubiri siku za kutosha kumwona anafika kwenye kujivua. Angehesabu waliokufa baada ya saa ishirini na nne angeandika "haina nguvu" akaitupa.

Leo una kitu ambacho wao hawakuwa nacho. Umbo la kipokezi cha ekdaisoni cha nondo wa Heliothis virescens lilichapishwa 2003, moja likiwa limeshika homoni ya mmea inayofanana na ekdaisoni na jingine likiwa limeshika diasilihaidrazini, yaani kemikali ya familia ya tebufenozaidi, na yote yapo bure kwenye Protein Data Bank, tafuta 1R1K na 1R20. Ukiyaweka pamoja kwenye skrini utashangaa, mifuko miwili ya kushikia molekyuli inalingana kwa sehemu ndogo tu, kipokezi kimejikunja upya kumpokea mgeni. Maana yake ni nini kwako? Kwamba ukipanga molekyuli zako kwenye umbo moja lililoganda, kompyuta itakupa majibu mazuri ya uongo. Tumia maumbo yote mawili, na uamini matokeo ya kiwavi kuliko ya skrini.

Kusanisi familia hii kunawezekana kwenye maabara ya kawaida ya chuo, unaanzia tert-butilihaidrazini, unaweka kikundi cha kwanza cha benzoili upande ulio wazi, halafu cha pili upande uliobanwa. Uzuri wake ni kwamba pete mbili za atomi zinazoletwa na vikundi hivyo unaweza ukazibadilisha kila moja peke yake. Mimi nisingepoteza muda kuongeza klorini hapa na methili pale kwa kubahatisha, wenzetu walishafanya hivyo kwa maelfu tangu Rohm and Haas watoe ya kwanza miaka ya themanini. Badilisha pete moja kuwa ya aina nyingine kabisa, yenye nitrojeni au oksijeni ndani yake, uone kama bado inashikwa na kama inaanza kupenya jani vizuri zaidi. Hapo ndipo penye upya, na ndipo penye jibu la kantangaze wa Mdudu_Doc.

Jambo la usugu ulitazame pia. 2016 ilionyeshwa kwamba badiliko la asidi amino moja tu kwenye kimeng'enya kinachotengeneza kaitini linampa nondo wa kabichi usugu kwa benzoyilurea, na badiliko hilo hilo linagusa buprofezini na etoksazoli, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa makundi tofauti kabisa. Mkulima alikuwa anadhani anabadilisha dawa kumbe anagonga mlango ule ule. Kwa hiyo mtu akikuambia ana benzoyilurea mpya mwulize kwanza inawafanya nini wadudu ambao tayari ni sugu.

Na umumunyifu. Diflubenzuroni inayeyuka kwenye maji chini ya miligramu moja kwa lita, ni kama haiyeyuki. Inauzwa kama chembe zilizosagwa hadi mikroni chache, na ukubwa wa chembe unabadilisha nguvu ya dawa. Wanafunzi wanasahau hili kabisa, wanayeyusha kwenye asetoni wanapata namba nzuri, halafu kwenye bomba inatuama chini na nozeli inaziba.

Mkemia_Changanyikeni:

Shikamoo Mzee, shikamoo Mama Pembejeo, na Mdudu_Doc asante sana. Kusema kweli nimesoma majibu haya mara mbili. Lile la pete ya pili kuwa ya aina nyingine naona linaingia moja kwa moja kwenye ninachoweza kusanisi na vitendanishi tulivyonavyo, nitaandaa orodha fupi ya molekyuli badala ya zile nyingi nilizochora, na nitaziangalia kwenye 1R1K na 1R20 kabla sijagusa chupa.

Nimebaki na maswali mawili. Moja, nikisema ni salama kwa binadamu inatosha? Maana kila makala inaanza na sentensi hiyo. Pili, hivi kipimo cha jani nakifanyaje kwa kantangaze kama yuko ndani?

Pwani_Kamba:

Naomba nijibu la kwanza, hapana haitoshi. Mimi kazi yangu ni mambo ya mikoko na uvuvi. Kaitini haiko kwa wadudu peke yao, kamba, kaa, na vile vidudu vidogo vya majini wanavyokula samaki wadogo wote wanajivua gamba. Diflubenzuroni ni kali sana kwa jamii hiyo hata kwa kiasi kidogo mno. Sasa tazama mboga za Dar zinalimwa wapi, bonde la Msimbazi, mabondeni kote, mvua moja tu ya masika imeshapeleka kila kitu baharini. Na ukienda kusini kuna delta ya Rufiji ambako kamba ndo maisha ya watu. Dawa ya kaitini pembeni ya mto mimi siikubali hata iwe salama vipi kwa mpulizaji. Kundi la ekdaisoni lina nafuu, na tebufenozaidi ilipewa tuzo ya Marekani ya kemia isiyoharibu mazingira 1998 kwa sababu ya ulengaji huo, ila yako ni mpya na mpya haibebi cheti cha ndugu yake. Weka daphnia, vidudu vidogo vya majini vya jamii ya kamba, kwenye kipimo toka mwanzo, hawahitaji vifaa vya gharama.

Nyuki vilevile. Nyuki mkubwa anaweza asidhurike na dawa hizi, akaibeba na chavua mpaka kwenye mzinga na watoto ndo wakafa, kwa hiyo kipimo cha nyuki wakubwa peke yake kinadanganya. Halafu angalia molekyuli yako ikivunjika inakuwa nini. Ulaya waliifungia diflubenzuroni isitumike kwenye mazao ya chakula 2017 kwa wasiwasi wa 4-kloroanilini inayotokana nayo. Ukiwa bado unachora ndo wakati wa kukwepa pete ambayo ikikatika inaacha kitu kama hicho, ukishasanisi umechelewa.

Kuhusu kufika sokoni nisikufiche, tathmini ya Phillips McDougall ya 2016 iliweka gharama ya kiambato kimoja kipya dola milioni 286 na miaka kama 11, na kemikali karibu laki moja na sitini elfu zinachujwa kupata moja. Na hapa nchini lazima upite TPHPA Arusha, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na majaribio ya shambani kwenye mazingira yetu. Hilo si la masta. La kwako ni kuacha data safi ambayo mtu akiichukua hahitaji kurudia.

Mdudu_Doc:

Pwani_Kamba amemaliza, na hilo la daphnia nimelipenda.

La pili sasa. Chovya jani zima kwenye myeyusho wako, liache likauke kivulini, halafu weka viwavi waliototolewa muda huo huo juu ya jani waingie wenyewe. Hicho ni kipimo cha kwanza. Cha pili fanya kinyume, waache waingie kwanza, ukiona michoro imeanza ndo uchovye. Tofauti ya namba kati ya vipimo viwili ndo inakuambia kama molekyuli inapenya jani, huhitaji mashine. Shina la jani lifunge pamba yenye maji lisinyauke maana tunasubiri siku nyingi. Usimalizie kwa kuhesabu waliokufa siku ya tatu, hesabu wangapi wamefika kuwa nondo, na wale walioruka wakiwa na mabawa yaliyokunjamana waandike peke yao. Weka majani yaliyochovywa kwenye maji na kiyeyushio tu, ukiona huko nako wanakufa rekebisha kwa fomula ya Abbott ya 1925, inayoondoa vifo visivyotokana na dawa, wakizidi moja kati ya watano futa jaribio lote uanze upya. Weka na methoksifenozaidi pembeni kama kipimo cha kulinganisha, bila hiyo namba zako hazina pa kuegemea.

Mayai ya kantangaze jike mmoja anaweza kutaga hadi kama 260 na kwa joto la Dar mzunguko mzima ni kama wiki tatu na nusu, kwa hiyo wadudu hawatakuishia ila usiwatoe shambani kwa mama mdogo moja kwa moja ukawapima, hao wameshapuliziwa kila kitu. Lea angalau vizazi viwili bila dawa. Na kabla ya yote panda nyanya kwenye makopo wiki hii, udongo mpya, wavu juu, asiipulizie mtu chochote, maana zikichelewa hizo hata unga ukiwa tayari hatutakuwa na jani la kuchovya.

Mama_Pembejeo_Mbagala:

Mbegu za nyanya njoo uchukue kwangu mwanangu, ila uniambie mapema maana zisizopakwa dawa mpaka niagize.